Ukongwe si Ubovu: Ndege za Jeti za Zamani na Ulimi wa Msafiri

Abiria anayeingia katika ndege ya jeti iliyoundwa miaka ya sabini au ya themanini hupokewa na ishara ndogo ndogo kabla hata hajafunga mkanda. Kwenye mkono wa kiti chake huenda akakuta kisahani kidogo cha chuma chenye kifuniko, kilichokusudiwa kupokea majivu ya sigara. Kisahani hicho hakina kazi tena. Mwaka 1992 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilizihimiza nchi wanachama zipige marufuku uvutaji wa sigara katika safari za kimataifa ifikapo mwaka 1996, na leo hakuna abiria anayetarajia kuwasha sigara angani. Kisahani kimebaki kama mhuri wa tarehe. Abiria hukifungua, hukifunga, kisha humtazama jirani yake na kumnong'oneza: "Huu ni mkweche."

Neno hilo moja hutosha kuiharibu safari nzima. Tangu hapo kila mtikisiko huwa ni dalili ya kifo, na kila mlio huwa ni kilio cha chuma kinachokata tamaa. Hata hivyo, kabla ya hukumu hiyo kukubaliwa, inafaa ipimwe kwa mizani ya lugha yenyewe iliyotumiwa kuitoa. Kiswahili hakina uhaba wa maneno katika uwanja huu. Kuna kikongwe, kitu kilichoishi miaka mingi. Kuna kikuukuu, kitu kilichotumika sana. Kuna kichakavu, kitu kilicholika kwa matumizi. Na kuna kibovu, kitu kisichoweza tena kufanya kazi kilichoundiwa. Maneno haya ni majirani, lakini hayalali kitanda kimoja. Chungu cha nyanya kilichopika kwa miaka 30 ni kikuukuu, wala si kibovu. Chungu kilichotoka jana kwa mfinyanzi kikiwa na ufa ni kipya, na ni kibovu.

Makala hii inashikilia kwamba kosa la abiria wengi si kuogopa. Mwenye kuinuliwa hadi mita 10,000 juu ya ardhi ana haki ya kuogopa. Kosa ni kuogopa kisichostahili na kukinyamazia kinachostahili. Umri wa ndege si ugonjwa. Ugonjwa ni ufa usiozibwa, na dawa yake ya kwanza ni mtu anayeuona na kuusema.

Sauti, ukungu na hewa

Kusafiri kwa jeti ya zamani ni jambo la masikio kwanza. Boeing 737-200, iliyoanza kubeba abiria mwaka 1968, ina injini nyembamba zilizofungwa chini ya mabawa kama sigara mbili ndefu. Injini hizo husukuma hewa kidogo kwa kasi kubwa, ilhali injini pana za siku hizi husukuma hewa nyingi kwa kasi ndogo zaidi. Tofauti hiyo ndiyo siri ya kelele. Jeti ya zamani inapoanza kukimbia kwenye barabara ya kurukia, mngurumo wake hupanda mpaka ukawa mlio wa kupasua, vifuniko vya sehemu za mizigo vikatetemeka, na vyombo vya jikoni vikagongana. Inapotua, injini hufungua milango yake ya nyuma ili kuurudisha mbele upepo wake na kupunguza mwendo. Hapo kishindo hurudi upya, na abiria asiyejua hudhani kwamba kitu kimevunjika.

Mahali pa kuketi pia huibadilisha safari. Katika ndege kama vile DC-9, Boeing 727 na VC10, zilizofungwa injini mkiani, abiria wa mbele husafiri kwa utulivu wa kushangaza, ilhali wenzao wa viti vya nyuma hulazimika kuzungumza kwa kupaza sauti. Watu wawili hushuka katika ndege moja wakiwa na hadithi mbili zisizolingana, na wote wawili wakawa wakweli.

Fauka ya hayo, kuna ukungu. Katika uwanja wa pwani kama ule wa Mombasa, hewa ikiwa nzito kwa unyevu, matundu ya kupoza hewa yanaweza kutoa wingu jeupe linaloteremka polepole juu ya vichwa vya abiria. Mgeni huona moshi. Ukweli ni kwamba unyevu huo umekutana na hewa baridi ukageuka kuwa matone madogo mno, kama pumzi ya mtu inavyoonekana asubuhi ya Julai huko Limuru.

Uchovu unaomsubiri msafiri mwisho wa safari nao una sababu yake. Hewa iliyomo ndani ya ndege haishindiliwi mpaka ikalingana na ile ya ufuoni. Katika jeti za zamani, na hata katika nyingi za sasa, inaweza kushuka mpaka ikafanana na hewa ya mahali palipo mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Abiria hukaa saa nane kana kwamba yuko juu kidogo ya Nyahururu. Boeing 787, iliyoanza safari za abiria mwaka 2011, ina mwili ulioundwa kwa sehemu kubwa kutokana na nyuzi za kaboni badala ya alumini. Kwa hiyo inaweza kuidumisha hewa ya mita 1,800 hivi, karibu sawa na ya Nakuru. Tofauti ya Nyahururu na Nakuru huhisiwa kichwani na miguuni.

Ni dhahiri basi kwamba jeti ya zamani huchosha, hupiga kelele na hutikisa. Lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicho ushahidi wa ubovu. Kinyume chake pia ni kweli: Airbus A320, ndege ya kizazi cha baadaye, hutoa chini ya sakafu yake mlio unaofanana kabisa na kubweka kwa mbwa, nao ni mlio wa pampu ifanyayo kazi yake barabara. Sikio la abiria ni shahidi, lakini si hakimu.

Kipya kinyemi

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Historia ya ndege za jeti inaweza kusomwa kama ufafanuzi mrefu wa methali hiyo, na sehemu muhimu za historia hiyo zilipita katika anga ya Afrika Mashariki.

Tarehe 2 Mei 1952, ndege aina ya Comet ya shirika la Uingereza la BOAC iliondoka London kuelekea Johannesburg. Hiyo ndiyo iliyokuwa safari ya kwanza ya ratiba ya ndege ya jeti yenye abiria wanaolipa nauli duniani. Miongoni mwa vituo vyake ilikuwamo Entebbe. Watu waliozoea ndege za panga, zilizowatetemesha mifupa kwa siku nzima, walionja mwendo laini na wa kasi, juu ya mawingu na dhoruba. Hakukuwa na chombo kipya kuliko hicho. Lakini tarehe 10 Januari 1954, kabla hata miaka 2 haijatimia, ndege ile ile iliyofungua njia hiyo ilipasukia angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia, na watu wote 35 waliokuwamo wakafa. Miezi mitatu baadaye Comet nyingine ilianguka karibu na Naples.

Wachunguzi huko Farnborough waliutumbukiza mwili mzima wa ndege kama hizo katika tangi la maji, wakawa wanaushindilia na kuulegeza, wakiiga safari moja baada ya nyingine, hadi ukapasuka. Ikabainika kwamba kila ndege inapopanda, mwili wake huvimba kidogo kwa hewa iliyomo ndani, na inaposhuka hunywea. Chuma kinachokunjwa na kukunjuliwa mara nyingi huchoka, kama waya unaopindwa huku na huku na mtoto mpaka ukakatika. Uchovu huo wa metali ulianzia kwenye pembe za matundu yaliyokatwa mwilini, na uliiua ndege changa.

Kutokana na somo hilo zilizaliwa ndege imara zaidi. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1946, lilipokea Comet 4 mwaka 1960, na kuanzia mwaka 1966 likaanza kurusha Super VC10. VC10 ilibuniwa ikizingatia viwanja vya Afrika vilivyo katika nyanda za juu zenye joto. Embakasi, penye uwanja unaoitwa leo Jomo Kenyatta, pako zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapo ni nyepesi, na adhuhuri huwa nyepesi zaidi, kwa hiyo ndege huhitaji nguvu nyingi ili iinuke. Injini nne za mkiani na mabawa yasiyobanwa na injini vililijibu hitaji hilo. Jeshi la Anga la Uingereza liliendelea kuzitumia ndege za aina hiyo hadi mwaka 2013, zikiwa na umri wa watu wazima wenye wajukuu.

Hata hivyo, tarehe 18 Aprili 1972, Super VC10 ya shirika hilo la Afrika Mashariki ilikuwa ikianza kuruka mjini Addis Ababa wakati tairi la mbele lilipopasuka. Rubani aliamua kusimama. Breki hazikutosha, ndege ikapita mwisho wa barabara na kuwaka moto. Kati ya watu 107, 43 walifariki. Uchunguzi ulionyesha kwamba sehemu ya mfumo wa breki ilikuwa imeunganishwa visivyo wakati wa matengenezo. Ndege hiyo haikuwa imetimiza miaka 6. Haikuwa kongwe, haikuwa kuukuu, haikuwa chakavu. Ilikuwa imekosewa na mkono wa binadamu.

Mfano wa karibu zaidi ungali kidonda kibichi nchini Kenya. Tarehe 10 Machi 2019 ndege aina ya Boeing 737 MAX 8, yenye umri wa miezi minne hivi, iliondoka Addis Ababa kuelekea Nairobi na kuanguka dakika chache baadaye. Watu 157 waliangamia, Wakenya wengi wakiwamo. Programu iliyowekwa ndani yake ilikuwa ikiisukuma pua ya ndege chini kwa kuamini taarifa potofu za kihisio kimoja. Hapakuwa na kisahani cha majivu kwenye viti vya ndege hiyo, na hapakuwa na sababu ya abiria yeyote kunong'ona neno "mkweche".

Ufa na kiraka

Atakayepinga hoja hii atasema kwamba mifano imechaguliwa kwa upendeleo. Atauliza: je, hakuna ndege zilizouawa na uzee? Swali hilo ni la haki na linastahili jibu la haki.

Tarehe 28 Aprili 1988, Boeing 737-200 ya shirika la Aloha ilikuwa ikisafiri baina ya visiwa vya Hawaii. Ilikuwa na umri wa miaka 19. Ikiwa juu kiasi cha mita 7,300, sehemu kubwa ya paa lake la mbele iling'oka, na mhudumu mmoja akavutwa nje akapotea. Abiria walijikuta wameketi katika upepo, mbingu ikiwa juu ya vichwa vyao. Marubani waliiteremsha ndege hiyo katika kisiwa cha Maui, na watu 94 kati ya 95 wakaokoka. Ndege hiyo ilikuwa imeruka na kutua mara 89,680, kwa safari fupi fupi, katika hewa ya bahari yenye chumvi. Gundi ya maungio ilikuwa imeachia, kutu ikapenya, na nyufa ndogo ndogo zikapangana kwenye mistari ya ribiti mpaka zikashikana mikono.

Hapo uzee ulikuwapo, ila haukuwa uzee wa miaka. Ulikuwa wa idadi ya mara ambazo mwili ulivimba na kunywea, na wa chumvi ulioishi nayo. Ndege ya miaka 30 iliyovuka bahari kwa safari ndefu inaweza kuwa na mwili usiochoka kama wa ndege ya miaka 15 iliyorukaruka visiwani. Isitoshe, wachunguzi wa Marekani hawakuishia kuilaumu miaka. Walilaumu ukaguzi ulioshindwa kuuona uharibifu uliokuwapo. Tangu hapo kanuni za kuzikagua na kuzikarabati ndege kongwe ziliimarishwa sana.

Kisa cha pili kinarudi kwenye kile kisahani cha majivu. Tarehe 25 Mei 2002, Boeing 747-200 ya shirika la China Airlines ilipasukia angani karibu na Taiwan, na watu wote 225 wakafa. Chanzo kilikuwa cha miaka 22 nyuma. Mwezi Februari 1980 mkia wa ndege hiyo ulikwaruza barabara wakati wa kutua. Bati lililokwaruzwa halikukatwa likaondolewa inavyopaswa. Lilifunikwa kwa kiraka. Chini ya kiraka hicho nyufa ziliendelea kukua pasipo kuonekana. Lakini kuna kilichoonekana: madoa ya kahawia kandokando ya kiraka, yaliyoachwa na moshi wa sigara uliokuwa ukivuja na hewa kutoka ndani katika miaka ambayo abiria walikuwa bado wakivuta. Picha zilizopigwa miezi kadhaa kabla ya ajali zilikuwa na madoa hayo. Chuma kilikuwa kimeandika barua, na hakuna aliyeisoma.

Methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta hufundishwa tangu shule ya msingi, lakini kisa hiki kinaiongezea tahadhari: kuufunika ufa si kuuziba. Kiraka kinachoficha ni hatari kuliko ufa ulio wazi.

Kuna jambo moja ambalo mtetezi wa ndege kongwe hana budi kulikubali. Utunzaji una gharama, na gharama hiyo hupanda kadiri ndege inavyozeeka. Takribani kila baada ya miaka 6 hadi 10, ndege kubwa huvuliwa mapambo yake yote, viti na sakafu hung'olewa, na mifupa yake hukaguliwa kiungo kwa kiungo. Mashirika mengi ya Afrika huanza maisha kwa ndege zilizokwisha kutumika kwingine, kwa kuwa bei yake ya kununulia ni nafuu. Hapo ndipo mtego ulipo. Anayenunua ndege ya bei nafuu akadhani amenunua pia utunzaji wa bei nafuu amenunua msiba. Lakini hata katika mtego huo, mkosaji ni hesabu ya mwenye ndege, wala si tarehe ya kuzaliwa ya ndege.

Aliyeona akanyamaza

Katika kisa cha Hawaii kuna jambo moja dogo ambalo wanafunzi wa lugha wangelizingatia kuliko wahandisi. Baada ya ajali, abiria mmoja alieleza kwamba alipokuwa akipanda ngazi aliuona ufa kwenye mwili wa ndege, karibu na mlango. Hakumwambia mtu yeyote. Aliingia, akaketi, akafunga mkanda.

Kwa nini alinyamaza? Yamkini alidhani kwamba wenye elimu wamekwisha kuuona. Yamkini aliogopa kuchekwa. Pengine alihisi kwamba hana maneno ya kumwendea mwenye sare na kumweleza. Kimya hicho si cha Hawaii peke yake. Ni kimya cha kila msafiri aliyefundishwa kwamba ndege ni jambo la wataalamu na la lugha ya wataalamu. Mama anayepanda ndege kwa mara ya kwanza kwenda kumwona mwanawe Nairobi anaweza kuwa na macho makali kuliko ya mkaguzi aliyechoka, lakini macho bila ulimi hayaokoi mtu.

Ni hapa ambapo Kiswahili kinadaiwa. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha mkusanyiko wa Safari za Wasuaheli, ambamo wasafiri wa pwani walisimulia kwa Kiswahili safari zao, mmoja wao hadi Urusi na Siberia. Ugeni wa vyombo na nchi haukuwafunga ulimi. Karne moja na zaidi baadaye, katika baadhi ya safari za anga, Kiswahili hupewa kazi ya kukaribisha na kuaga, ilhali maelezo yanayohusu uhai huachiwa lugha nyingine. Lugha inayosema "karibuni" lakini isiyoaminiwa kusema "mlango wa dharura uko nyuma yako" imegeuzwa kuwa pambo.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina nafasi ya kulibadilisha jambo hili bila kusubiri amri. Istilahi za ukarabati na usalama wa ndege zaweza kukusanywa, kuanzia karakana ambako mafundi tayari wanazungumza Kiswahili chao cha kazi. Tasnifu zaweza kuandikwa kuhusu matangazo ya safarini na jinsi abiria wanavyoyaelewa. Makala zaweza kuandikwa magazetini zikimfafanulia msomaji kwamba ukungu si moshi na kwamba kelele si ufa, ili atakapouona ufa halisi ajue kwamba huo ndio wa kupigia kelele. Mwalimu afundishaye tofauti ya kuukuu, chakavu na bovu huenda akadhani anafundisha vivumishi tu. Anamfundisha mtu kuuliza swali sahihi: si "ina miaka mingapi?" bali "ilikaguliwa lini, na nani, na alipata nini?"

Hitimisho

Ukongwe hustahili heshima na uangalizi kwa pamoja, iwe ni kwa mzee wa kijiji au kwa jeti yenye visahani vya majivu. Anayeudharau hukosa hekima, na anayeuheshimu bila kuuchunguza hukosa usalama. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Vinavyoruka navyo vimeundwa, na vinaendelea kuruka kwa kuwa kuna mtu, usiku katika karakana, anayevimulika kwa taa ribiti baada ya ribiti. Msafiri anayelijua hilo hataacha kusikia mngurumo wala kuhisi mtikisiko. Ila siku atakapouona ufa karibu na mlango, hatapita akaketi. Atasimama pale pale ngazini, atamwita mhudumu, naye atasema kwa Kiswahili fasaha kile alichokiona.